Mnada Una Saa Zake: Namna ya Kununua Mwanhuzi na Vijiji vya Simiyu

Mtumishi mgeni akihamishiwa Mwanhuzi, wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, awe mwalimu, muuguzi au karani, mara nyingi huishia kwenye maduka ya barabara kuu na vibanda vya soko la kila siku. Baada ya miezi miwili huwaambia ndugu zake kwamba Meatu ni wilaya kavu, haina kitu cha kununua. Hajadanganya kwa makusudi, ila hajaonyeshwa mahali. Mali nzuri ya wilaya hii haikai dukani. Inatoka vijijini kwa mkokoteni, kwa baiskeli, kwa bodaboda na kwa miguu, inakutana uwanjani siku moja ya wiki, na jua likishuka inatawanyika.

Viwanja hivyo ni minada na magulio. Kila kata kubwa ya Simiyu ina siku yake, na kila uwanja una wateja wake na ladha yake. Havitangazwi kwa mabango wala havimo katika vitabu vya watalii wanaopita kwenda Serengeti. Ila hakuna shule bora ya kuijua nchi ya Wasukuma na majirani zao, na hakuna mahali ambapo shilingi yako inafika mkononi mwa mkulima kwa njia fupi zaidi. Mbinu zinazofuata zitakusaidia kununua vizuri huku ukimtendea haki anayekuuzia.

Kwanza, elewa fedha inavyotembea

Mnada unaonekana kama vurugu: ng'ombe huku, mitumba kule, moshi wa nyama katikati. Chini ya vurugu hiyo kuna mpango. Anayeuza asubuhi ndiye anayenunua mchana. Mzee aliyeswaga mbuzi wawili tangu alfajiri hana fedha mfukoni saa mbili. Akishawauza saa nne, anageuka kuwa mteja. Atatafuta sukari, chumvi, dawa ya kuogesha mifugo, viatu vya mtoto wa shule na kitenge cha mama. Mama aliyeleta debe la choroko naye atauza kwanza ndipo anunue dagaa na sabuni.

Kwa hiyo fedha huingia mnadani kupitia zizi la mifugo na marundo ya nafaka, kisha inatiririka hadi kwa wauza nguo, vyombo na vyakula. Ukiushika mtiririko huo utajua uende wapi saa ngapi. Utajua pia kwa nini muuza vitenge hapunguzi bei saa saba mchana, lakini saa kumi anakuita mwenyewe.

Tafuta siku, kisha ithibitishe

Siku ya mnada usiichukue kwa mtu mmoja. Siku huweza kubadilishwa na halmashauri, na magonjwa ya mifugo yakizuka uwanja huweza kufungwa kwa muda. Uliza watu wa aina tatu: dereva wa bodaboda, kwa sababu siku ya mnada ndiyo siku yake ya kipato, mama lishe, kwa sababu huhama na sufuria zake kutoka uwanja hadi uwanja, na afisa mifugo au mtendaji wa kata, ambaye ana ratiba rasmi. Wote watatu wakitaja siku moja, panga safari. Andika ratiba ya viwanja vyote vilivyo karibu nawe. Utagundua kwamba wachuuzi wanazunguka kwa mpangilio, hivyo bidhaa uliyoikosa leo unaweza kuifuata kesho kutwa kwenye uwanja mwingine.

Chagua uwanja kwa kile unachokitaka

Minada haifanani, kwa sababu ardhi haifanani. Meatu ni upande mkavu wa mkoa: mifugo mingi, mtama, uwele, alizeti, choroko, dengu, ubuyu na ukwaju. Mwandoya na Kisesa ni upande wa wakulima wa pamba na wafugaji. Bukundi ni upande wa kuelekea Mto Sibiti na Ziwa Eyasi. Huko utakutana na Wasukuma, Wataturu na Wanyiramba, na Wahadzabe wanaishi upande huohuo. Zamani misafara ya Wasukuma ilikwenda Eyasi kuchota chumvi, kwa hiyo biashara kwenye njia hiyo ni ya kale kuliko mpaka wa wilaya yoyote. Siku hizi Daraja la Sibiti limeunganisha Meatu na mkoa wa Singida, na bidhaa zinavuka pande zote mbili.

Ukitaka mchele, geukia Maswa, hasa Malampaka, mji ulio kando ya reli ya kwenda Mwanza. Ukitaka samaki na dagaa wasiopita mikono mingi, nenda wilaya ya Busega, Nyashimo na Lamadi, ambako Ziwa Victoria liko karibu. Bariadi, makao makuu ya mkoa tangu Simiyu ilipoundwa mwaka 2012, ina kila kitu kwa wingi, ila sehemu kubwa ya mali hiyo imeshapita kwa mlanguzi mmoja au wawili. Ni mahali pazuri pa kujifunza bei ya mjini kabla hujaenda kijijini.

Ukiwa mkoani mwanzoni mwa Agosti, tembelea viwanja vya Nane Nane vya Nyakabindi, Bariadi, vilivyobeba maadhimisho ya kitaifa mwaka 2018 na 2019. Unaweza kukagua mbegu, vyakula na kazi za mikono mahali pamoja, ukauliza kila kimoja kinatoka kijiji gani, halafu ukakifuata hukohuko.

Fika kwa saa inayokufaa

Kwa nafaka, mboga kavu, kuku, mayai, samli na asali, fika asubuhi. Walanguzi wa magunia hufika mapema pia na husimama njiani kuwakuta wakulima kabla hawajaingia uwanjani. Ukichelewa utanunua choroko ileile kwa mlanguzi aliyeinunua nusu saa iliyopita.

Kwa mifugo, fika mapema utazame, lakini usikimbilie kununua. Asubuhi wauzaji hutaja bei za kupima upepo, na bei ya kweli ya siku hiyo hujulikana baada ya wanunuzi wa malori kuanza kufunga biashara.

Kwa mitumba kuna saa mbili nzuri. Ya kwanza ni pale robota linapofunguliwa, nguo bado zina chaguo. Ya pili ni alasiri, wachuuzi wanapofikiria gharama ya kubeba mzigo kurudi nao. Katikati, wauza mifugo wakiwa wameshapata fedha, bei husimama imara.

Jioni ni saa ya mafungu: nyanya, vitunguu, mchicha, ndizi. Chukua unachokula usiku huo na kesho yake, si zaidi.

Salimia kwanza, bei baadaye

Asubuhi sema "mwangaluka", mchana na jioni sema "mwadila". Mwanamke wa makamo mwite "mayu", mwanamume mtu mzima "baba" au "mzee", na ukimaliza sema "wabeja". Hata Kisukuma chako kikiishia hapo, umeshatoka kwenye kundi la wapita njia. Msukuma hapendi kuulizwa bei kabla ya kujuliwa hali, na anayefika akinyooshea bidhaa kidole na kusema "hii bei gani" hujibiwa bei ya mgeni.

Baada ya salamu uliza habari za mvua, za shamba, na kijiji alichotoka. Maswali hayo yana faida ya kweli. Akikuambia karanga ni za shamba lake na zimevunwa wiki mbili zilizopita, una habari ambayo hakuna lebo ya dukani itakupa. Akisita, huenda naye amenunua palepale uwanjani.

Katika kupatana, omba upunguziwe, usidharau mali. Sema "mayu, nipunguzie kidogo nichukue mawili," usiseme "hizi mbona mbovu." Wauzaji wengi wa nafaka hupendelea kukuongezea kuliko kushusha bei, kwa hiyo omba nyongeza ya kiganja au viwili. Na mkishakubaliana, lipa. Kukubali bei kisha kuondoka kwenda kwa jirani ni aibu itakayokumbukwa mnada ujao.

Kumbuka pia unapatana na nani. Mchuuzi wa vyombo ameweka faida na nafasi ya kupunguza, kwa hiyo vutana naye kwa raha. Bibi mwenye sado moja ya ubuyu huenda amelala macho akihesabu daftari na kalamu za mjukuu kwa sado hiyo. Mlipe bei yake.

Jua kipimo kabla ya bei

Wageni hupoteza fedha nyingi hapa. Bei isiyo na kipimo haina maana. Uwanjani utakutana na kopo, sado, debe na gunia. Sado ni ndoo ndogo ya lita nne, debe ni la lita ishirini, kwa hiyo sado tano hukaribia debe moja. Ukitajiwa bei ya sado, izidishe kwa tano uilinganishe na bei ya debe. Mara nyingi debe lina nafuu, na kama huhitaji lote, tafuta mwenzako mgawane.

Kagua chombo chenyewe. Tazama kitako: kama kimebonyezwa kwenda ndani, kipimo kimepungua. Tazama ubavu: kama umebinywa, vivyo hivyo. Uliza kama kinapimwa kwa kusawazisha au kwa kujaza kichuguu, na uliza kabla ya kuchota. Haki ya kipimo ina pande mbili. Wapo wanunuzi wanaokuja na sado zilizotanuliwa kwa moto ili wachukue zaidi kwa mkulima asiyejua, na lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba, limepigwa marufuku kwa sheria ya vipimo kwa sababu hiyohiyo. Ukinunua kwa gunia, dai mzani. Mkulima akipata mzani wa haki leo, kesho atakuletea mali safi bila kuficha mawe chini.

Vitu vya kutafuta, na namna ya kuvikagua

*Michembe na matobolwa.* Viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi ni michembe. Vilivyochemshwa kwanza kisha vikaanikwa ni matobolwa. Ndiyo akiba iliyovusha kaya nyingi za Usukumani katika miaka ya njaa. Vunja kipande: kikauke hadi kivunjike kwa sauti. Kikipinda hakijakauka, kitaota ukungu nyumbani kwako. Nusa pia, harufu ya uvundo haitoki kwa kupika. Michembe ichemshe na karanga au maharage, matobolwa yatafune na chai.

*Nsansa na mboga nyingine kavu.* Majani ya kunde yaliyoanikwa huhifadhika miezi mingi. Chukua yenye rangi ya kijani iliyofifia, si nyeusi, na yasugue kiganjani uone kama yana mchanga. Yaunge kwa karanga zilizotwangwa.

*Karanga.* Zitazame kwa makini kuliko kitu kingine. Punje zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho kila mara na haiondoki kwa kukaanga. Nunua zenye maganda ukiweza, menya chache kutoka chini ya gunia, na nyumbani tupa kila punje mbaya.

*Choroko na dengu.* Dengu hupandwa mwishoni mwa mvua kwenye mbuga nyeusi zinazoshika unyevu. Tafuta punje zisizo na matundu ya wadudu. Chota kutoka katikati ya gunia, si juu. Ukitaka kufanya biashara ya magunia, pita kwanza ofisi ya kilimo au ya ushirika, kwa kuwa mazao haya yamekuwa yakiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani katika kanda hii. Pamba nayo huuzwa kupitia vyama vya msingi, si mnadani.

*Ubuyu na ukwaju.* Mibuyu ya Meatu hutoa ubuyu mweupe usiotiwa rangi wala sukari. Unga ulioshika mbegu uwe mkavu na mwepesi. Ukigandamana umeshika unyevu. Ukwaju uwe na nyama laini, usiwe umejaa kokwa tupu.

*Maziwa, mgando na samli.* Meatu ni nchi ya ng'ombe, na Mwanhuzi kuna kiwanda cha kusindika maziwa, Meatu Milk. Mnadani utapata maziwa mabichi na ya mgando kwa akina mama. Mabichi yachemshe kabisa kabla ya kunywa, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, yaani brusela, huambukiza binadamu kwa njia hiyo. Samli nzuri ina harufu nzito ya maziwa, haina maji chini ya chombo.

*Asali.* Majaribio ya njiti ya kiberiti na tone kwenye maji hayathibitishi kitu, hata asali iliyochakachuliwa hupita. Kinga bora ni kumjua mrinaji: uliza ilirinwa lini, msitu gani, na onja zaidi ya chombo kimoja. Ukimpata mkweli, chukua namba yake ya simu na umtunze.

*Dagaa na samaki wakavu.* Saga dagaa kidogo kiganjani: chembe za mchanga zikibaki, walianikwa chini. Waliokaushwa kwenye chanja ni ghali kidogo, lakini hutapika mchanga. Kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi, awe mkavu hadi kwenye uti.

*Kazi za mikono.* Wahunzi huleta majembe, shoka, visu na njuga za ng'ombe. Wengine huleta ungo, vikapu, mitungi, vinu na vibuyu. Jaza kibuyu maji usubiri kidogo uone kama kinavuja. Ungo uinue juani utazame nafasi kati ya nyuzi. Katambuga, vile viatu vya matairi, vipinde kwa nguvu na upitishe kidole ndani kutafuta ncha ya msumari. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: fundi wa kweli atakuachia ujaribu bila kukuharakisha.

Ukitaka mbuzi au ng'ombe

Nunua ndani ya uwanja, kamwe si njiani. Minada ya awali, yaani hii ya kata na vijiji, husimamiwa na halmashauri, na pale uwanjani kuna afisa mifugo na mkusanya ushuru. Hao ndio ulinzi wako. Muuzaji awe na barua ya mtendaji wa kijiji chake inayoonyesha mnyama ni wake. Dai risiti, na kama unamsafirisha, chukua kibali cha kusafirisha mifugo kabla hujapakia. Bila karatasi hizo, mnyama wa wizi anaweza kukutia mahabusu hata kama ulilipa bei kamili.

Tazama macho, pua, kwato na mwendo. Fungua kinywa uangalie meno kwa ajili ya umri, au mwombe afisa mifugo akuonyeshe. Sema wazi unataka nini: mtamba wa kufuga, maksai wa kukokota plau, au beberu wa sherehe. Ukitumia dalali, patana ujira wake mapema na uulize nani analipa ushuru.

Usivyopaswa kununua

Meatu inapakana na Pori la Akiba la Maswa, na ina eneo la jumuiya ya hifadhi la Makao. Mtu akikunong'oneza habari za nyama pori, ngozi, pembe, manyoya au mafuta ya simba, ondoka hapo. Kununua vitu hivyo bila leseni ni kosa kubwa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mnunuzi naye anashtakiwa. Dawa za binadamu zinazouzwa juani juu ya turubai ziache pia, hasa antibiotiki: joto huziharibu, na hakuna wa kukueleza kipimo.

Msimu hupanga bei

Mavuno ya chakula yakiingia, kuanzia Mei hadi Julai, nafaka hushuka bei. Huo ndio wakati wa kuweka akiba. Kuanzia Desemba hadi Machi ghala nyingi ni tupu na nafaka hupanda, huku mifugo mingi ikiletwa sokoni kutafuta chakula na mahitaji ya shule ya Januari. Wakulima wakilipwa fedha za pamba, kwa kawaida katikati ya mwaka, hali hugeuka: wengi hununua ng'ombe kama akiba, vitenge na baiskeli hupanda, na uwanja hujaa hadi jioni. Ukame nao hushusha bei ya ng'ombe kwa sababu ya kukonda. Ukinunua wakati huo, nunua kwa utu, ukijua mwenzako anauza kwa kukosa malisho.

Fedha na mzigo

Beba noti ndogo. Chenji ya noti ya elfu kumi saa mbili asubuhi ni taabu kwa muuzaji ambaye hajauza chochote. Malipo ya simu yanatumika sana, ila mtandao ukizidiwa siku ya mnada utakwama, kwa hiyo toa fedha mapema mjini. Gawa fedha mifuko miwili, na usihesabu hadharani karibu na zizi.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, hivyo njoo na kikapu, magunia matupu na chombo chenye kifuniko kwa samli au asali. Mazao yasiyozidi tani moja yalifutiwa ushuru wa kusafirisha kutoka halmashauri moja hadi nyingine mwaka 2017. Debe lako la choroko halidaiwi kitu kizuizini, na unaweza kusema hivyo kwa adabu. Kwenye basi andika jina na namba ya simu juu ya mzigo, na chukua risiti kwa kondakta. Wakati wa mvua ondoka mapema, kwa sababu udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauwapi nafasi bodaboda wala magari madogo.

Anza na mnada mmoja

Usijaribu viwanja vyote kwa mwezi mmoja. Chagua kimoja kilicho karibu, nenda mara ya kwanza bila orodha ndefu, kula makongoro au nyama choma, tembea kuanzia zizini hadi kwenye mitumba, na nunua vitu viwili tu kwa watu wawili. Wiki inayofuata rudi kwa haohao. Safari ya tatu watakuwa wanakuwekea: sado ya karanga zilizochambuliwa, kuku aliyenona, habari kwamba fundi wa ungo atakuja Jumamosi.

Faida ya kudumu ya minada hii ni wauzaji unaofahamiana nao kwa jina na kwa kijiji. Mkulima mwenye mteja wa uhakika hauzi mazao yangali shambani kwa mlanguzi, na mteja mwenye mkulima wake hali mali ya kubahatisha. Hayo yanaanza na salamu moja na malipo ya haki, siku ya mnada ulio karibu nawe.